Mwacheni Aingie na Mbwa Wake

Tangazo la mchezo wetu wa LARP, yaani mchezo wa kuigiza ambapo watu huvaa mavazi ya wahusika wa hadithi, hukaa kambini na kupigana kwa silaha za sponji, liliandikwa kwa adabu zote. Mchezaji mwenye mbwa msaidizi, yule aliyefundishwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu, anakaribishwa, alimradi alete cheti cha mbwa na barua ya daktari, na mbwa abaki kwenye maegesho ya magari au kwenye kibanda cha kulala wakati wa mapigano na matukio yote ya usiku. Sababu ni mbili: usalama wa mbwa mwenyewe, na kulinda uhalisia wa mchezo. Nimelisoma na kulirudia, na kila nikilisoma hasira inapanda upya. Waandaaji siwataji, maana ugonjwa huu si wao peke yao. Nimecheza LARP huku Massachusetts, Marekani, na majimbo ya jirani kwa miaka mingi, mara nyingi upande wa mazimwi, na masharti ya namna hii nimeyakuta kwa watu wema kabisa, watu ambao ukiteguka mguu katikati ya msitu watakubeba mgongoni hadi barabarani.

Lakini mapigano na matukio ya usiku ndiyo mchezo wenyewe. Ukiyaondoa, kinachobaki ni kuvaa joho na kunywa supu. Anayeambiwa mbwa wake abaki kwenye gari ameambiwa naye abaki kwenye gari. Ada ya kushiriki, hata hivyo, analipa sawa na mimi.

Rafiki yangu ninayemsemea ana kisukari cha aina ya kwanza, tangu utotoni. Baada ya miaka mingi mwili wake umeacha kumpa dalili: sukari ikishuka hatetemeki, hatoki jasho, haoni njaa. Anaanza tu kuzungumza polepole, na asipopata kitu kitamu mapema anaweza kuzimia. Mbwa wake amefundishwa kunusa mabadiliko hayo na kumwambia. Jina la mbwa silijui, ingawa tumekaa meza moja mara nyingi. Rafiki yangu hamtajii mtu jina hilo mbwa akiwa kazini, kwa sababu akishalitaja tu, watu wataanza kumwita.

Msimu mmoja tulikuwa kwenye ukumbi wa mbao, taa za kandili mezani, yeye ni balozi wa mji fulani na mimi ni mjumbe wa mazimwi, uso mzima umepakwa rangi ya kijani. Tunabishana juu ya mpaka wa mto. Mbwa alikuwa amelala chini ya meza tangu mwanzo, hata wageni wengi hawakujua yupo. Akaamka, akaweka mguu juu ya goti la rafiki yangu. Yeye akaendelea kusema. Mbwa akasukuma pua ndani ya kiganja chake, akapiga goti tena kwa mguu, safari hii kwa nguvu. Rafiki yangu akafungua mkoba wa ngozi uliokuwa kiunoni, akatafuna vidonge vya glukosi, akajichoma kidole chini ya meza, akasoma kipimo, kisha akaniambia kwa sauti ya kibalozi kwamba mji wake hautoi hata shubiri moja ya ardhi. Aliyekaa viti vitatu kutoka pale hakuona lolote. Mchezo haukusimama hata kidogo, na mtu hakuanguka sakafuni.

Najua mtaniambia kuna vipimo vya kubandika mkononi. Anacho. Kipimo kile husoma majimaji yaliyo chini ya ngozi, si damu yenyewe, kwa hiyo sukari ikiporomoka ghafla huchelewa kuiona. Tena mtu anayekimbia msituni akiwa na mikanda ya vazi la vita begani anaweza kukibandua bila kujua. Mbwa naye hukosea, sitadanganya, na mbwa wa kunusa sukari hawafanani kwa uwezo. Lakini uamuzi wa kwamba anahitaji vyote viwili ni wake na daktari wake. Mwandaaji wa mchezo hana nafasi katika uamuzi huo.

Sasa hili la uhalisia, maana ndilo linaloniuma zaidi.

Tukiwa mchezoni, uchawi ni kifuko cha kitambaa kilichojazwa mbegu za kulishia ndege. Ukinirushia kikanigusa begani, nimeungua moto. Upanga ni kijiti cha nyuzi za kioo kilichovikwa sponji, nao umenikata mkono. Mtu akipita katikati ya karamu ya mfalme ameweka mkono juu ya kichwa, watu arobaini wanaendelea na karamu kana kwamba hakuna aliyepita, kwa sababu sote tunajua ishara ile maana yake yuko nje ya mchezo. Jenereta linanguruma nyuma ya jiko. Ndege inapita juu ikishuka kuelekea Boston. Ngome ni mabanda ya kambi ya watoto ya majira ya joto, na mlangoni pa ukumbi kuna kizima moto chekundu. Vyote hivi tumekubaliana kutoviona, na tunafanikiwa, kwa sababu burudani yote imejengwa juu ya makubaliano hayo. Tumeyafundisha macho yetu kazi ngumu kuliko zote. Kisha anaingia mbwa mmoja mtulivu aliyelala chini ya meza, na tunaambiwa huyo ndiye amewashinda watu macho yao?

Na hata kumwona kuna ubaya gani? Tunaigiza ngome, wawindaji, wafugaji, wasafiri. Ni ngome gani ya zamani haikuwa na mbwa? Ukiuliza ni kitu gani hasa kinachowasumbua, mazungumzo yanaishia kwenye ile fulana yake yenye maandishi ya kuwakataza watu wasimguse. Yaani kinachoonekana si mbwa, ni ulemavu. Tuko tayari kuigiza balozi shujaa alimradi tusikumbushwe kwamba anayemwigiza ana mwili unaohitaji msaada. Hilo mimi sikubali. Mchezo unaodai kwamba mtu yeyote anaweza kuwa yeyote hauwezi kuanza kwa kumbagua mtu kwa mwili aliokuja nao.

Usalama ni hoja ya kweli, na hapa nitawapa waandaaji haki yao. Watu thelathini wakikimbilia kilima gizani, wamevaa vinyago, moshi wa mashine umetanda, panga zinazunguka, mbwa anaweza kukanyagwa au kupigwa jichoni. Lakini suluhisho tunalo tayari. Michezo mingi huku ina utaratibu wa wachezaji wasiopigana: mjamzito, mwenye goti bovu, aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Anavaa kitambaa cha rangi kali kichwani au mkononi, na anayetaka kumwangusha anasimama hatua kadhaa mbali, anamwelekezea silaha na kutamka kwamba amemwangusha. Hakuna anayemgusa. Mpe mwenye mbwa kitambaa hicho hicho. Liseme jambo hilo mbele ya watu wote kwenye mkutano wa ufunguzi, pale pale tunapokumbushana kwamba ikipigwa kelele ya kusimamisha mchezo kila mtu anaganda alipo. Na suala la nani apeleke mbwa wapi, mwachie anayeishi naye. Rafiki yangu hajawahi kutaka kumpeleka mbwa wake katikati ya vita vya ngao. Anataka kusimama na majenerali juu ya kilima, na kurudi kambini kwa miguu yake.

Sheria nayo iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ni ya mwaka 1990, na kanuni zinazotumika leo kuhusu wanyama zilianza kazi Machi 2011. Mnyama wa huduma ni mbwa aliyefundishwa kazi mahususi inayohusiana na ulemavu wa mtu, na kuna kifungu cha pembeni kwa farasi wadogo. Kama ulemavu hauonekani, unaruhusiwa maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani? Huruhusiwi kudai cheti, kwa sababu serikali haitoi cheti cha namna hiyo. Huruhusiwi kuuliza mtu anaumwa nini, wala kumwambia mbwa aonyeshe kazi yake, wala kuongeza ada. Unaweza kumtoa mbwa asiyedhibitiwa ambaye mwenyewe hachukui hatua, au anayejisaidia ovyo ndani. Masharti ya usalama unaweza kuweka, lakini yawe ya hatari iliyopo kweli, siyo ya kukisia. Hata bustani za wanyama, penye simba wa kweli, haziruhusiwi kumfungia nje mwenye mbwa. Zinaweza kumzuia kwenye sehemu zile tu ambapo mbwa atawachafua akili wanyama walio kwenye maonyesho. Sisi simba wetu ni mtu aliyevaa manyoya ya dukani.

Wapo wanaonunua fulana mtandaoni na kumvisha mbwa wa nyumbani asiyejua lolote. Ni kweli, na wanawaumiza wenye haki. Dawa yao ni kumtoa anayebweka na kurukia watu, na ruhusa hiyo mwandaaji anayo tayari.

Nilimsimulia mama kwa simu habari hizi, yuko Tanga. Alishtuka. "Mwanangu, mbwa anaingia hadi ukumbini watu wanakula?" Nikamwambia, "Mama, yule yuko kazini." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kazi gani?" Nikamweleza ya sukari. Akaniuliza kama na mimi sukari nimepima karibuni, maana kwetu iko kwenye ukoo, na tukahamia huko. Nimelifikiria sana swali lake. Mama hajawahi kuisoma sheria ya Marekani, na alikwenda moja kwa moja kwenye swali ambalo sheria hiyo inaruhusu. Waandaaji wangu, wenye mawakili miongoni mwa wachezaji wao, wakaanzia kwenye cheti.

Nataja nyumbani kwa sababu najua wengi mnaosoma mmekulia Pwani, kwenye madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa kwenu ni najisi nzito ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Na wengine mnaogopa mbwa tangu utoto kwa sababu ya kichaa cha mbwa, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Sisemi mwache dini yenu wala mjilazimishe ushujaa. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulimruhusu kijana asiyeona aje na mbwa wake wa kumwongoza: mbwa alipewa mahali pake mlangoni, kijana akaingia kuswali. Kama msikiti ulipata njia, kambi ya kuchezea mazimwi itashindwaje? Anayeogopa, au mwenye mzio wa manyoya, naye ana haki yake: aambiwe mapema, apangiwe kibanda kingine, apewe meza ya upande wa pili wa ukumbi. Huku kwenye sheria, hofu na mzio havitoshi kumfukuza mwenye mbwa. Vinatosha kabisa kutufanya tupange mambo vizuri.

Hoja za leo zina umri wa karibu miaka mia. Morris Frank, kijana asiyeona wa Tennessee, alirudi Marekani kutoka Uswisi mwaka 1928 na mbwa wake Buddy, na mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha The Seeing Eye, shule ya kufundisha mbwa wa kuwaongoza wasioona. Alitumia miaka mingi kuwashawishi watu wa reli na hoteli wamkubali mbwa. Naye aliambiwa kuhusu usalama, usafi na kero kwa wengine.

Kosa jingine linafanywa na wale wanaopenda mbwa kupita kiasi. Kuna mwamuzi aliyewahi kumtangaza mbwa wa rafiki yangu kuwa mbwa mwitu wa kichawi mwenye nguvu za kuponya, bila kumuuliza mwenyewe. Usiku kucha watu walikuja kupiga magoti mbele yake wamguse wapone. Mbwa anayeguswa na watu ishirini hanusi sukari ya mtu mmoja. Rafiki yangu akitaka mbwa wake awe na nafasi katika hadithi, atasema mwenyewe, na fulana isifunikwe na manyoya ya bandia.

Mengine ni ya jikoni na uwanjani. Zabibu kavu, chokoleti na chingamu zenye zailitoli, kile kitamu kinachotumika badala ya sukari, ni sumu kwa mbwa, na mikoba ya wachezaji imejaa vitu hivyo. Okoteni. Zile mbegu za vifuko vya uchawi vikipasuka, zifagiliwe. Mtakaporusha fataki au kuwasha mashine ya moshi, mwambieni mwenye mbwa saa ngapi. Mkaribisheni Ijumaa mchana kabla wengine hawajafika, mbwa aone vinyago vikiwa mkononi kwanza, aone binadamu akikivaa na kukivua, ili usiku asikutane na uso wa zimwi kwa mara ya kwanza. Mimi mwenyewe hupiga magoti mbali kidogo na kuvua kinyago taratibu, simwiti wala simpi chakula. Huchukua muda mfupi kuliko kukagua panga.

Waandaaji nimewaandikia. Nimewaomba wafute sharti la cheti na la maegesho, na fomu ya kujiandikisha iwe na mstari mmoja: je, unakuja na mbwa msaidizi, na kuna jambo gani ungependa tulijue mapema? Nimewaambia pia kwamba hadi watakapofanya hivyo mazimwi yao watafute mtu mwingine wa kuyaigiza. Rafiki yangu amejiandikisha kwenye mchezo mwingine wa vuli, New Hampshire, ambako mwandaaji alimuuliza tu mbwa analala wapi na anywe maji wapi. Nafasi za mazimwi huko bado zipo, na wanahitaji watu wa kupika.