Mpunga wa Chwaka unashuhudia nini?

Kaskazini mwa Pemba kuna maeneo mawili ya kale yaliyo jirani, Tumbe na Chwaka. Tumbe ilikaliwa kuanzia karne ya 7 hadi ya 10. Chwaka, mji wenye misikiti ya mawe, ulishamiri kuanzia karne ya 11. Waakiolojia walipochekecha udongo, waliona kwamba nafaka zilizoungua za Tumbe nyingi ni uwele, na za Chwaka nyingi ni mpunga.

Wapo wanaosema Uislamu ulikuja na sinia lake la wali, yaani mpunga wa Chwaka ni alama ya dini. Siwabezi. Uwele hustahimili ukame na ulikuwa umewashibisha watu wa Tumbe miaka mingi, kwa hiyo si njaa iliyouleta mpunga. Wali ni chakula cha kualikia. Mkubwa wa mji aliyejenga msikiti alitazamiwa pia kulisha watu siku ya Idi au ya harusi, na mabakuli ya ng'ambo yaliyofukuliwa huko yanaafikiana na karamu za namna hiyo.

Kinachonizuia ni tarehe. Huko Shanga, kisiwani Pate karibu na Lamu, mwakiolojia Mark Horton alifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, na wa mwanzo akauweka karne ya 8. Msafiri na mwanahistoria wa Kiarabu Al-Mas'udi naye, aliyefika Qanbalu mwaka 916, kisiwa ambacho wengi hudhani ni Pemba, aliwakuta Waislamu tayari. Dini ilitangulia mpunga wa Chwaka kwa zaidi ya karne nzima.

Kisha tumsikilize Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, mwaka 1331. Mogadishu alikirimiwa wali wa samli na vitoweo. Mombasa aliona watu wanakula zaidi ndizi na samaki, na nafaka inaletwa kutoka kwingine. Hao hao akawasifu kwa uchaji wao na misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri. Ndizi hazikuwapunguzia Uislamu.

Mifupa ya wanyama inayofukuliwa nayo, kama ushahidi wa dini, ina mpaka wake. Unaweza kuhesabu ya mbuzi na ya nguruwe, lakini mfupa hausemi kama mchinjaji alitaja jina la Mungu au kama mnyama alikuwa kibudu. Hispania ya karne ya 16, mahakama za Kanisa zilimshuku mtu aliyebatizwa kwa kukataa nyama ya nguruwe tu. Huenda alikuwa Mwislamu kwa siri. Huenda hakuzoea tu, kwa kuwa jikoni kwa mama yake haikupikwa kamwe.

Kwa hiyo mpunga wa Chwaka mimi nausoma kama habari za uwezo: nani aliweza kualika, na wanawake wangapi walitwanga tangu alfajiri ili sinia lijae.