Muzungu anauliza jina, sisi tunauliza kabila

Juzi kwa kinyozi, hapa Matonge ya Brussels, mzee mmoja wa kwetu Lubumbashi alilalamika mpaka akaomba maji. Mwenye nyumba alimwambia kwa simu kwamba apatimenti iko huru. Aliposikia jina, ghafla ikawa imeshachukuliwa. Wote tulimuunga mkono, maana ni nani kati yetu hajapatwa na hayo? Mara simu yake ikalia. Ni komisioneri, yaani dalali, anayemtafutia mpangaji wa lupango yake, nyumba yake ya kupangisha kule Kampemba, Lubumbashi. Mzee akauliza kwa sauti: "Ni muntu wa wapi?" Akajibiwa. "Wa Kasai? Apana. Sitaki bale bantu mu lupango yangu." Akakata, akaendelea na ubaguzi wa wazungu pale pale alipouachia.

Hakuna aliyecheka. Nadhani hakuna hata aliyeona.

Najua mtakavyosema: huyu ameshiba chipsi za Ubelgiji, sasa anatufundisha. Au: kabila si rangi, usichanganye mambo. Sawa, si kitu kimoja. Lakini yule aliyenyimwa nyumba Kampemba, tofauti hiyo inamsaidia nini?

Wala sisemi muzungu ni bora. Mji wetu nani aliuchora? Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilianza 1910, na kati ya mtaa wa wazungu na cité Albert, Kamalondo ya leo, wakaacha ukanda mtupu ili tusisogeleane. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ndiyo iliyokwenda kutafuta wafanyakazi Kasai, ikawaweka kambini pamoja na wengine. Mzizi ninaouona mimi uko hapo: kwanza kuna mtu anayegawa kazi, nyumba na mshahara, rangi na kabila hutafutwa baadaye kama kisingizio. Ndiyo maana Gécamines, iliyoirithi Union Minière, ilipoanza kuanguka, na mgodi wa Kamoto kuporomoka 1990, haikuchukua muda: mwaka 1992 na 1993 jirani wa Kasai tuliyekula naye bukari akaitwa kilulu, mdudu. Mnakumbuka stesheni ya Likasi, Wakasai waliofukuzwa walikorundikana wakingoja treni. Sina haja ya kueleza.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hatuwezi kujitetea eti hatukujua. Sheria ya Kongo ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila ni ya tarehe 7 Juni 1966. Ya Ubelgiji dhidi ya ubaguzi wa rangi ni ya tarehe 30 Julai 1981. Tuliwatangulia miaka 15! Hilo huwa ninawatupia Wabelgiji kazini, kifua mbele, na kweli wanashangaa. Halafu mmoja anauliza: na mnaitumia? Hapo naanza kuongelea mvua.

Maana hapa, pamoja na ubaya wao wote, sheria imepewa meno. Tangu 2018 wakaguzi wa kazi wa Jimbo la Brussels, wakiwa na dalili za ubaguzi, wanaweza kutuma maombi mawili ya kazi yanayofanana, moja lenye jina la Kibelgiji, jingine lenye jina kama langu, waone nani ataitwa. Aliyebaguliwa anaweza kupeleka malalamiko Unia, taasisi ya umma ya kupinga ubaguzi. Je, ubaguzi umekwisha? Wapi! Lakini mwenye nyumba wa hapa inambidi adanganye, aseme imeshachukuliwa. Anaogopa. Wa kwetu haogopi kitu, anatangaza kabila lako mbele ya watu saluni nzima. Mimi uongo ule ninauhesabu kuwa hatua, mnitukane mkitaka.

Kuna atakayejibu kwamba ukabila ni kazi ya wanasiasa. Kweli, wanauchochea, hasa uchaguzi ukikaribia. Ila mwanasiasa hayuko kwenye simu kati yako na komisioneri wako. Jaji mmoja tu wa Lubumbashi akimtoza faini mwenye lupango mmoja kwa sheria hiyo ya 1966, habari itafika mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi kabla ya jioni. Na makomisioneri, ambao kamisheni yao inachelewa kila mpangaji mzuri anapofukuzwa kwa sababu ya kabila, wangekuwa wa kwanza kushangilia.

Kwa sasa, ninyi wenye malupango mnaonisoma kutoka Liège na Charleroi, muulizeni mpangaji kama garanti, ile amana ya nyumba, anayo na kodi atalipa tarehe ngapi. Kijiji cha babu yake mnakitakia nini?