Blogu Binafsi: Huduma Iliyo Tayari au Seva ya Kukodi?

Anayetaka kuanzisha blogu binafsi hukutana mapema na swali ambalo wengi hulijibu kwa haraka mno: afungue akaunti kwenye huduma iliyo tayari, kama vile Blogger, WordPress.com, Medium au Substack, au akodi nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuipeleka kwa wasomaji, na kusimika programu yake mwenyewe?

Wanaotetea huduma zilizo tayari husema kazi ya mwandishi ni kuandika, nami nakubaliana nao. Kwenye Blogger, iliyo mikononi mwa Google tangu mwaka 2003, mtu huchapisha makala yake ya kwanza siku hiyo hiyo bila kulipa chochote, wala hahitaji kujua hifadhidata ni kitu gani. Anayesimika programu ya WordPress (tofauti na huduma ya WordPress.com) kwenye seva ya kukodi hupata uhuru mpana zaidi, kwa kuwa programu hiyo ni huria, yaani yeyote anaweza kuitumia na kuibadilisha, lakini pamoja na uhuru huo hupata zamu isiyokwisha ya kusasisha programu na viongezi vyake (vijiprogramu vya kuipa uwezo zaidi), kuweka nakala rudufu na kulipia seva kwa wakati. Kiongezi kimoja kilichoachwa bila kusasishwa chatosha kumfungulia mdukuzi mlango.

Hata hivyo, urahisi wa huduma iliyo tayari una gharama inayojitokeza siku huduma inapofungwa. Yahoo! iliifunga GeoCities, huduma yake ya tovuti binafsi, mwaka 2009, na Posterous, huduma ya blogu iliyonunuliwa na Twitter mwaka 2012, ilifungwa mwaka uliofuata. Watumiaji wa Posterous walipewa muda wa kupakua kazi zao, lakini kupakua si kuhama. Ukilifungua faili la nakala rudufu la Blogger utayakuta maandishi yako na maoni ya wasomaji, ila kila picha imo kama anwani tu, inayoelekeza kule kule ilikotoka. Seva hiyo ikizimwa, makala yako hubaki na mapengo. Viungo ambavyo watu wengine waliweka kuelekea makala zako navyo hufa pamoja na anwani ya zamani, na hasara hii naiona kubwa kuliko zote, kwa sababu haiwezi kurekebishwa na mwandishi peke yake.

Ndiyo maana naona suala la jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti unayoisajili kwa jina lako mwenyewe, ni zito kuliko la jukwaa lenyewe. Aliyesajili jina lake na kulielekeza Blogger leo anaweza kulihamishia kwenye seva ya kukodi mwakani, na iwapo atadumisha muundo wa viungo, msomaji aliyehifadhi anwani ya makala ataikuta pale pale. Ruhusa ya kutumia kikoa chako kwenye huduma iliyo tayari nayo hutegemea hiari ya mwenye huduma: Medium iliacha kupokea vikoa vipya vya watumiaji mwaka 2017, ikairejesha nafasi hiyo mwaka 2021. Isitoshe, kikoa hulipiwa upya kila muda wake unapoisha, na asiyelipa huenda akakuta mtu mwingine amekisajili. Kwa asiye na uhakika wa malipo hayo, anwani ya bure ina usalama wake.

Kwa anayeanza, mimi ningechagua huduma iliyo tayari inayopokea kikoa cha mtumiaji, kisha ningemsihi apakue nakala ya blogu kabla ya makala ya kumi, aifungue, na azitafute picha zake humo. Asipoziona, azihifadhi zote kwenye folda ya kompyuta yake wakati bado ni chache.