Ile barua ilirudi dukani kwangu, nami sikuisoma

Mwaka jana mwezi wa nne aliingia dukani kwangu, hapa Ngamiani, binti mmoja kutoka Muheza. Alishuka stendi ya Kange asubuhi na mapema, akapanda bajaji moja kwa moja mpaka kwangu, bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. Ndani ya bahasha kila cheti kilikuwa na mfuko wake wa plastiki, hata cheti cha kuzaliwa ambacho kilishaanza kuchanika kwenye mikunjo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Naomba uniskanie hivi vyeti, halafu unitumie kwa barua pepe. Mwisho ni Ijumaa."

Ilikuwa Jumatatu. Amesomea uuguzi, ngazi ya stashahada, na hospitali moja ilikuwa imetangaza nafasi. Barua pepe yake mwenyewe alikuwa nayo, ila nywila ameisahau. Nikamwambia hakuna shida, nitatuma kwa anwani ya duka. Nikaskani karatasi 7, nikaziunganisha kuwa faili moja la PDF, nikatuma, nikamgeuzia kioo cha kompyuta aone kwa macho yake: imetumwa. Akanilipa shilingi 1,000 ya kutuma mbali na ya kuskani, akashukuru sana, akarudi kwao.

Siku ya 11 akanipigia simu. "Mjomba, nimewauliza hospitali. Wanasema jina langu hawalioni kabisa."

Nikafungua kikasha cha duka. Katikati ya matangazo na ankara nikaikuta barua kutoka kwa Mailer-Daemon, yaani taarifa inayojituma yenyewe kwamba barua uliyotuma haikufika, haijafunguliwa. Ilikuwa imefika Jumatatu ileile, dakika moja haijapita tangu nilipotuma. Yule binti alikuwa bado amesimama mbele yangu anahesabu chenji yake wakati barua inarudi. Nilikuwa na siku 4 nzima za kurekebisha kabla ya Ijumaa, nami sikuifungua.

Naandika haya kwa wenzangu wenye steshenari, wa Tanga hii na wa kwingineko, na kwa wale wanaotutegemea. Sisi tunatoza pesa ya kutuma. Mteja akishatoa pesa yake, haki yake ni barua ifike. Mimi nilimuuzia kubofya.

Nieleze kwanza kilichotokea, maana wengi wetu tunatuma kila siku bila kujua njia ilivyo. Faili lilikuwa la MB 19. Gmail ililipokea bila neno, kwa sababu Gmail huruhusu viambatisho vya hadi MB 25 kwa barua moja. Nikadhani ikishapita kwangu imepita kote. Lakini barua pepe haitoki kwako ikaingia moja kwa moja kwenye kompyuta ya mwenzako. Seva ya upande wako, yaani kompyuta inayopokea na kupeleka barua, huibeba mpaka mlangoni pa seva ya upande wake, na mlango huo una kipimo chake ambacho wewe hukioni. Zipo seva za ofisi zenye kikomo cha MB 10 hivi. Postfix, ambayo ni programu ya seva inayotumika sana duniani, huja na kikomo hicho tangu siku inapowekwa, na fundi asipokigusa hubaki hivyohivyo miaka nenda rudi.

Tena hiyo MB 10 haipimi faili kama unavyoliona kwenye kompyuta yako. Barua pepe ilianza ikiwa chombo cha kubeba maandishi matupu. Utaratibu wa kupachika picha na sauti, unaoitwa MIME, ulikuja mwaka 1992, kazi ya Nathaniel Borenstein na Ned Freed. Machi 11 mwaka huo Borenstein alituma picha na wimbo wa kikundi chake cha waimbaji wanne, na ndiyo inayohesabiwa kuwa barua ya kwanza yenye viambatisho vya aina hii tunayoijua leo. Ili picha ipite kwenye njia iliyotengenezwa kwa ajili ya herufi, faili zima hugeuzwa kuwa herufi: kila baiti 3 huwa herufi 4. Kwa hiyo kila kiambatisho hunenepa njiani kwa theluthi moja. MB 19 za yule binti zilifika mlangoni pa hospitali zikiwa zaidi ya MB 25, na mlango ulikuwa wa 10. Hata faili la MB 8 huvuka 10. Siku hizi mteja akija na tangazo linalosema mwisho MB 10, mimi namwambia tuhesabu 7.

Na kwa nini karatasi 7 zilikuwa MB 19? Skana yangu ilikuwa imeachwa kwenye rangi na dpi 600, yaani vitone 600 kwa kila inchi, kwa sababu siku iliyotangulia tulikuwa tumeskani picha za harusi za mteja mwingine. Cheti cha kusomwa na ofisa wa ajira hakihitaji hayo. Ukishuka kutoka dpi 600 hadi 200, vitone vya kila ukurasa vinapungua mara 9, na maandishi bado yanasomeka vizuri, mhuri unaonekana, sahihi inaonekana. Ukiacha rangi ukaskani kwa kijivu, mzigo unapungua zaidi. Faili lilelile la binti nililiskani upya siku alipopiga simu, kwa dpi 200 na kijivu. Likawa MB 1.8. Nililitazama lile faili dogo muda mrefu.

Kuna wanaosema dawa ni kulizipu, yaani kulibana faili kwa programu ili lipungue. Kwa vyeti vilivyoskaniwa hiyo si dawa. Picha iliyomo ndani ya PDF imekwisha kubanwa tayari; ukiizipu unapunguza kidogo mno, na unamwongezea mpokeaji kazi ya kufungua. Zipu yenye nywila ni mbaya zaidi, kwa sababu seva haiwezi kuchungulia ndani na nyingine huikataa kwa kuihofia. Rudi kwenye skana, punguza huko.

Sasa ile barua ya Mailer-Daemon. Imeandikwa kwa Kiingereza kizito, imejaa namba na alama, na mteja wetu wa kawaida akiiona hudhani ni matapeli akaifuta. Wengi wanafuta, nimewaona. Naomba tufundishane jambo hili kama tunavyofundishana mambo ya simu: tafuta namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 5, imekataliwa moja kwa moja, usingoje. 550 mara nyingi ni anwani haipo au umezuiwa. 552 ni mzigo umezidi, wa barua yenyewe au wa kikasha. Ikianza na 4, kama 452, ni kikwazo cha muda, na seva yako itaendelea kujaribu yenyewe siku mbili tatu, nyingine mpaka siku 5. Hapo ndipo penye hatari kwa mtu ambaye mwisho wake ni Ijumaa, kwa sababu barua inaweza kuwa inazungukazunguka mlangoni huku tarehe inapita. Ukiiona 4, chukua simu uwaulize wahusika.

Kikasha cha mpokeaji kujaa si jambo geni hata kidogo. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, nazo zinagawanywa kati ya barua, picha na mafaili ya Drive, hifadhi yao ya mtandaoni. Ofisi ndogo inayotumia Gmail ya bure kupokea maombi ya kazi hujaa katikati ya wiki, na kuanzia hapo kila mwombaji anagonga ukuta.

Halafu kuna anwani zenyewe. Matangazo mengi yanatufikia yakiwa picha ya WhatsApp, na kwenye picha anwani mara nyingi imepigiwa mstari chini. Kama ndani ya anwani kuna kistari cha chini, kinafichwa na ule mstari, mtu anasoma nafasi tupu au anaunganisha maneno mawili. Nimeyaona haya mara tatu. Vilevile .go.tz kuandikwa .co.tz. Mimi sasa namwomba mteja anitumie tangazo lenyewe, siandiki anwani kwa kusomewa.

Tatizo la mtandao linajulikana kwa kila mtu, silirefushi: kwenye simu barua hukaa kwenye kikasha toezi (outbox) ikisubiri kuondoka, bando linakwisha, mwenye simu anaamini imeondoka. Fungua folda la zilizotumwa uhakikishe.

Linalonisumbua zaidi ya yote ni hili la kutuma kwa anwani ya duka. Barua ikikataliwa hurudi kwa aliyeituma, na aliyeituma ni duka. Mwenye mali yuko Muheza, au Pangani, au Lushoto huko juu, hajui chochote. Hospitali ikitaka kumuuliza swali, jibu linakuja kwa mwenye duka. Akiitwa kwenye usaili, mwaliko unakuja kwa mwenye duka. Hebu fikiria ni maisha ya watu wangapi yamelala kwenye vikasha vya steshenari zetu bila kufunguliwa. Mimi nimeacha. Kama mteja amesahau nywila tunairudisha kwa namba yake ya simu, tukishindwa tunafungua mpya kwa jina lake, naiandika nywila kwenye karatasi naye anaitia kwenye bahasha ya vyeti. Inachukua robo saa. Foleni inanung'unika. Lakini barua inaondoka kwa jina la mwenyewe, na jibu linarudi mikononi mwake.

Tena tusitume barua tupu yenye faili linaloitwa scan0001 na hakuna hata salamu. Barua ya namna hiyo inafanana mno na za matapeli, na vichujio vya barua taka vinaishuku. Andika kichwa cha habari, andika mistari mitatu ya heshima, taja viambatisho ni vingapi. Lipe faili jina la mwombaji.

Wapo wanaoniambia tumia kiungo cha Drive, mambo yaishe. Kwa faili kubwa kweli, kama ramani au video, nakubali. Kwa maombi ya kazi sipendi. Ukisahau kubadilisha ruhusa, ofisa akibofya anaambiwa aombe kibali, na ombi la kibali linakwenda kwenye kikasha cha mwombaji ambacho hakifungui mpaka apate bando. Ofisa mwenye maombi 300 mezani hawezi kumsubiri mtu mmoja.

Nikishajisema mimi na wenzangu, nina neno pia kwa ofisi zinazotaka watu watume vyeti kwa barua pepe. Wazee wetu walipotuma barua ya rejista posta, walipewa risiti yenye namba, na barua haikutoka dirishani mpaka mpokeaji aweke sahihi. Barua pepe haina sahihi hiyo isipokuwa wewe uliyepokea uitoe. Kuweka jibu la kujiendesha lenye maneno mawili, "Tumepokea", ni kazi ya fundi wenu ya dakika 10, na haina gharama. Na kwenye tangazo andikeni kikomo cha ukubwa. Mnaandika umri, mnaandika miaka ya uzoefu, mnaandika "waliochaguliwa tu ndio watakaojulishwa", lakini ukubwa wa mlango wenu hamuuandiki. Mtu aliyekosa sifa anakatwa kwa sifa zake. Yule binti alikatwa na skana yangu na seva yenu, na hakuna aliyewahi kuvisoma vyeti vyake.

Nilipiga simu pale hospitali nikaeleza kwamba kosa ni langu, barua ilitumwa kabla ya tarehe na ushahidi ninao. Dada aliyepokea alinisikiliza kwa upole, akasema orodha imeshafungwa. Nilimrudishia binti shilingi 1,000 yake kwa simu. Alinijibu kwa ujumbe mfupi: "Asante mjomba, usijali." Sikuweza kutojali.

Tangu siku ile nina daftari kubwa la mistari kaunta. Safu ya kwanza jina la mteja, ya pili namba yake ya simu, ya tatu anwani inakokwenda, ya nne saa, ya tano MB, ya sita jibu. Kila jioni kabla ya kufunga napitia barua zilizorudi, na yeyote ambaye yake imerudi nampigia usiku huohuo. Yule wa Muheza amerudi dukani mara mbili tangu hapo na maombi mengine, na mara zote mbili anwani ni yake mwenyewe. Safari ya pili jibu la kupokelewa liliingia kabla hajatoka mlangoni, akaomba nimprintie.

Kwa siku ya leo daftari lina mistari 9. Safu ya sita imejaa kwa wawili tu. Kesho saa tatu asubuhi, ofisi zikifunguliwa, nitaanza kuzipigia simu kwa ajili ya hao 7 waliobaki.