Vespa ikigoma, usikimbilie kabureta

Masika ya mwaka jana vespa yangu ilizima njiani, mvua ikinyesha, nikitoka Mjini kurudi Fuoni, hapa Unguja. Ni vespa ya aina ya PX, yenye gia za mkono wa kushoto, niliyoachiwa na ami yangu. Nilipiga kiki mpaka goti likauma. Akatokea kijana na bisibisi, akaniamkia vizuri, akasema, "Ami, hii kabureta tu. Nipe dakika kumi." Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini. Nikamwachia. Dakika kumi zikawa saa mbili. Jeti, kile kijipande chake chenye tundu jembamba la kupitishia petroli, ilichokonolewa kwa waya wa breki, skrubu ya hewa ikazungushwa bila kuhesabiwa, na vespa haikuwaka.

Nikaisukuma hadi nyumbani. Jioni nikafungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini: nyeusi ti, imelowa chepechepe. Nikatia mpya, kiki ya pili injini ikaitika. Lakini sasa haikutaka kukaa sailensa, yaani kunguruma polepole bila kutiwa mafuta, ikawa inazima kila nikiachia mafuta, kwa kuwa kabureta iliyokuwa nzima asubuhi tayari ilikuwa imeharibiwa. Tundu la jeti limepimwa kiwandani. Ukilipitisha waya mgumu umelipanua, na kulirudisha hakuna. Jeti husafishwa kwa petroli na kupulizwa kwa pumzi au pampu ya baiskeli, basi. Ilinibidi ninunue jeti nyingine.

Kijana yule simlaumu sana. Ndivyo wengi wetu tulivyozoea: vespa ikigoma, mkono wa kwanza unakwenda kwenye kabureta. Mimi nasema kabureta iwe ya mwisho, na kazi ya kutafuta ubovu aianze mwenye chombo, nyumbani kwake, kabla hajamwita mtu.

Anza na petroli. Koki ya kufungulia petroli iko wazi, au uliifunga jana usiku ukasahau? Imebaki akiba tu? Tena kitazame kifuniko cha tangi, maana kina kijitundu cha kuvutia hewa. Kikiziba kwa vumbi, vespa inakwenda vizuri kilomita mbili tatu, kisha inakata kama iliyoishiwa mafuta. Ukifungua kifuniko unasikia "fyuu", na baada ya muda mdogo inawaka tena. Nimeona watu wakibadilisha koki nzima kwa ubovu wa kijitundu hicho.

Kisha plagi. Spana yake ni ya 21, na kwa maoni yangu hakuna kifaa kingine kinachostahili kutangulia ndani ya kisanduku cha vespa. Ukiitoa, irudishe kwenye kofia yake ya waya, iegemeze kwenye chuma kitupu cha injini mbali na tundu ilikotoka, kwa sababu humo hutoka mvuke wa petroli, halafu piga kiki ukiwa kivulini. Cheche kali ya buluu ina maana umeme upo. Ikiwa ya manjano na dhaifu, au haipo kabisa, jaribu plagi mpya kabla hujashuku koili, inayoipa plagi umeme wake. Uwazi wake ni milimita 0.6 hivi.

Halafu isome rangi, na hapa usiwe na haraka. Ya kahawia kama maziwa yaliyotiwa kahawa, injini iko sawa. Nyeusi yenye mafuta, basi oili imezidi, au petroli inaingia nyingi, au filta ya hewa imejaa uchafu. Nyeupe pe ndiyo ya kuogopa. Ina maana injini inapata moto kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu hewa inapenya kwenye gasketi au sili, vile vizibo vya maungio ya injini. Ukiendelea kuiendesha hivyo, pistoni inaweza kutoboka. Hapo ndipo pa kumwita fundi, tena fundi mzoefu, nawe umwoneshe ile plagi.

Plagi nyingi nyeusi huanzia kwenye chupa ya oili. Vespa hizi za kuchanganya oili ndani ya petroli zinataka asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Wako wanaomimina kwa macho, wakiamini oili nyingi ni kuipenda injini. Ikizidi inajaza masizi kwenye plagi na bomba la moshi. Ikipungua pistoni inakwaruza silinda. Bomba la sindano la dukani, lenye alama za mililita, linamaliza ubishi wote huo.

Gurudumu nalo linavulika nyumbani kwa spana ya 13, nati tano tu, na hii ni raha ambayo pikipiki ya mnyororo haina. Lakini rimu ya PX ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati zake nyingine. Usiziguse hizo kabla hujatoa upepo wote kwenye tyubu. Vikiachiana na upepo ndani, vinaruka kwa nguvu ya kuvunja mkono.

Kinachoniuma zaidi, hata hivyo, ni kutu. Vespa ya kwanza ilitoka Italia mwaka 1946, na aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege. Hakuweka fremu ya mabomba: bati lenyewe ndilo linalobeba injini na abiria. Kwa hiyo kutu ikila pale unapoweka miguu, inakula uti wa mgongo. Na sisi tunaishi na chumvi ya bahari mwaka mzima. Injini utaifungua na kuifunga hata mara kumi, spea zipo. Bati likishaoza, vespa imekwisha, na fundi wa injini hatakwambia, kwa sababu hana haja ya kufunua mkeka wa raba.

Mimi kila Ijumaa asubuhi naiosha kwa maji matamu, khasa chini ya madigadi na mle nyuma ya ngao ya mbele. Penye doa la kutu napiga msasa mpaka chuma king'ae, praima, kisha rangi. Na siku za mvua mkeka haulali ndani ya vespa. Nauinua, nausimamisha ukutani barazani, na ile sakafu naifuta kwa kitambaa kikavu kabla sijaingia ndani kula.