Barthel 100, soksi nusu saa

Mwenye kilo 130 na urefu wa mita 1.70 ana BMI, yaani kipimo cha unene kinacholinganisha uzito na urefu, ya 45. Hesabu hiyo ni ya dakika mbili, na wanaoitetea wana hoja: mizani haina aibu wala haitii chumvi, ilhali dodoso hujibiwa na mtu anayetafuta msaada, au anayeficha shida yake. Kwa kukadiria hatari ya kisukari, inafaa. Ila haikuambii kama anaweza kujitawaza.

Tatizo ni kwamba hata vipimo vya ulemavu humpita mtu huyu. Kipimo cha Barthel cha mwaka 1965 kina vipengele 10, kuanzia kula hadi kupanda ngazi, na swali lake kuu ni moja: anahitaji msaidizi? Anayehema nusu saa akihangaika na soksi, anayeoga bila kufikia nyayo mpaka fangasi zimeota kati ya vidole, hajasaidiwa na mtu. Anapewa 100 kati ya 100. Kipimo hiki humnasa anayeshindwa, si anayeweza kwa taabu. Na choo cha kuchutama je? Kushuka ameshuka, kuinuka? Mkono wenye maji unafika nyuma?

Kuna njia bora, na si ghali. Atembee dakika 6 kwenye korido ya mita 30. Akipumzika, saa iendelee. Andika kilichomsimamisha, goti au pumzi, maana tiba zake haziendi njia moja. Kisha ainuke kitini mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30, mikono kifuani. Hapa kinachoharibu ni kiti: kiwe na kimo cha sentimita 43 hivi, imara, kisicho na mikono. Cha plastiki kinapinda, chenye mikono kinambana nyonga, na mwishowe umepima samani.

Wengine wanahofu kwamba kuuita unene “ulemavu” kutawavunja moyo wagonjwa na kuwatia woga waajiri. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la mlezi wa watoto wa Denmark aliyeachishwa kazi, ilisema unene wenyewe si ulemavu, ila unaweza kuwa iwapo kwa muda mrefu unamzuia mtu kushiriki kazini sawasawa na wenzake. Kwa hiyo kilo hazitoshi, lazima aonyeshe anachoshindwa. Aliyekwisha kuandikiwa 100 kwenye faili anaingia mahakamani na ushahidi dhidi yake mwenyewe.