Shemeji Juu ya Wili Spana

Pancha ilitukuta Michungwani, barabara ya Chalinze–Segera, tairi la mbele, jua la saa saba. Toyota IST yetu ilikuwa imetoka kubadilishiwa matairi Dar, na kijana wa huko alikaza nati kwa mashine ya upepo mpaka gari zima likatetemeka. Kisha akapiga rimu kofi: "Hapa bosi hata shetani hafungui."

Shetani hatukuwa naye. Tulikuwa na shemeji.

Nati za gari hili ni nne kila tairi, soketi namba 21, na zinatakiwa kukazwa kwa nyutoni mita 103, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Kwa wili spana ya sentimita 30, hiyo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 35 kwenye ncha ya mpini. Mtu mzima anafika hapo kwa mikono tu, bila kupanda kitu.

Jeki tuliiacha kwanza, maana tairi likiwa hewani ukilegeza nati linazunguka nawe. Nikakandamiza, kimya. Nikakanyaga, kimya.

"Sogea, shemeji," akasema, akavua kandambili na kupanda juu ya mpini, mkono mmoja begani kwangu. Shemeji ana kilo 110. Piga hesabu: ni nyutoni mita 320 na ushee, mara tatu ya kipimo, na nati imetulia tu! Wauza machungwa wakaacha wateja wao. Dada mmoja akaanza kuhesabu, "Moja, mbili, ruka!" Shemeji akaruka. Nati ikalia kwiii, ikaachia. Begani kwangu pia kitu kililia.

Tatu zikatoka hivyo. Ya nne ikagoma, utingo wa lori akaleta bomba la mita moja, tukalichomeka kwenye mpini. Safari hii ikazunguka kilaini mno.

"Imekubali!" shemeji akashangilia, akaiokota nati. Ndani yake kulikuwa na kipande cha stadi, ule msumari wenye meno ambao nati hujifungia.

Ndivyo inavyokuwa. Nati ikizidishiwa nguvu, stadi inavutika, meno yanaharibika na kung'ang'ania, na siku ya kufungua kinachozunguka ni stadi yenyewe mpaka inakatika. Utingo, kwa wema wake, akataka tupake oili zile tatu zilizobaki. Hapana! Kipimo cha 103 ni cha meno makavu. Ukipaka oili, nguvu ileile inaivuta stadi zaidi. Alinuna, akaondoka na bomba lake.

Tukafunga spea kwa nati tatu, tukajikokota hadi Korogwe. Fundi pale alifungua kalipa na diski za breki, akaigonga stadi mbovu itoke kwa nyuma, akaivuta mpya kwa nati na washa kadhaa, zile pete bapa za chuma. Akaziba pancha, akapiga brashi kutu kwenye uso wa habu, pale rimu inapokalia, maana kutu ikilala pale inafanya nati zilegee baadaye. Nati akaanzia kwa vidole, akakaza kwa kupishanisha pembe, akashusha gari, akamalizia kwa toki renchi, spana inayolia ikifika kipimo: ka! Moja moja, basi.

Nati hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa hiyo Mkomazi nikasimama, nikachukua spana.

"Shemeji, nisaidie kidogo."

Akafunga mlango kwa ndani na kupandisha kioo.